Mtakatifu Aliyeandika Nasadiki kwa Damu

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Dekano, mapadre, masista, makatekista wenzangu. Asanteni kwa kunialika kwenye mafungo haya ya Kwaresima. Nimepewa mada ya mashaka na mapambano ndani ya imani, na mtu mmoja, simtaji, alininong'oneza pale mlangoni nisije nikawaongezea watu mashaka badala ya kuwapunguzia. Nitajitahidi. Siahidi.

Wote hapa tunamjua Theresia wa Mtoto Yesu. Sanamu yake tunayo: vazi la kahawia, joho jeupe, msalaba na waridi mikononi, na uso usio na kasoro. Jumuiya nyingi zimemchagua kuwa somo wao, na kila tarehe 1 Oktoba ndiye anayetufungulia mwezi wa Rozari. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, msimamizi wa misioni mwaka 1927, Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Haya tunayafundisha. Tunachokiruka ni miezi kumi na minane ya mwisho ya maisha yake, na mimi naona humo ndimo alimostahili hasa kuitwa mwalimu.

Aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwezi Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Tusogee hadi Alhamisi Kuu ya mwaka 1896. Usiku ule alikesha kanisani hadi saa sita, akapanda chumbani kwake kulala. Hata kichwa hakijatulia kwenye mto, akasikia kitu cha moto kinapanda kifuani na kufika mdomoni. Taa alikuwa ameshaizima. Akaamua asiiwashe. Akalala hivyo hivyo, na kulipokucha akasogea dirishani na kuitazama leso yake: imejaa damu. Kilikuwa kifua kikuu, na enzi hizo dawa yake haikuwepo. Cha ajabu, alifurahi. Aliona Bwana anamwita, tena siku ya Ijumaa Kuu, na mbinguni kwake kulikuwa karibu kama chumba cha pili. Akaomba aendelee na mfungo kama wenzake, akaruhusiwa.

Pasaka ikaja. Na katika siku hizo hizo za Aleluya, mbingu ile ikamzimikia.

Ameyaandika mwenyewe, Juni 1897, kwenye daftari alilomwandikia Mama Mkuu wake. Anasema kwamba zamani hakuamini kama kweli wapo watu wasio na imani. Alidhani wanaosema hakuna mbingu wanasema kinyume cha wanachokijua moyoni. (Hapo tusimcheke. Nusu yetu humu bado tunadhani hivyo juu ya vijana walioacha kanisa.) Basi, anasema, Yesu akamjulisha kwamba watu hao wapo, kwa kumwingiza yeye mwenyewe gizani mwao. Kila alipojaribu kupumzisha moyo kwa kuiwaza nchi ya mbinguni, ukungu ulizidi. Akasikia kama sauti ya giza lenyewe inamdhihaki: songa mbele, kifurahie kifo, nacho hakitakupa unachokitumaini, kitakupa usiku mzito zaidi, usiku wa utupu. Akaandika kidogo tena, kisha akaacha. Anasema aliogopa kukufuru.

Huyo ndiye mwenye waridi.

Alikwenda kwa nani na jambo hilo? Hapa makatekista nawaomba msikilize vizuri. Alimweleza padre aliyekuwa mlezi wa kiroho pale monasterini. Padre akamwambia asikae na mawazo hayo, ni hatari sana. Basi. Kwa maneno yake mwenyewe Theresia, jibu hilo halikuwa faraja. Padre mwingine aliyemwungamisha alimshauri aichukue Kanuni ya Imani, yaani Nasadiki, na kuibeba kifuani, na kila giza linapomjia aishike. Theresia akaiandika kwa damu yake mwenyewe. Hakushindana kwa hoja, wala hakujilazimisha kuhisi chochote. Anasema kwamba katika mwaka ule mmoja alitoa matendo ya imani mengi kuliko maisha yake yote ya nyuma. Na mashairi yake mazuri juu ya mbingu, ambayo masista waliyasoma wakidhani anaogelea katika nuru, anasema aliyatunga bila kuhisi furaha yoyote: aliimba tu kile alichotaka kukisadiki.

Aliyependa kunijibu kwamba huo ni unafiki, tufikiri pamoja. Mnafiki hutaka watu waone alicho nacho ilhali hana. Huyu alikuwa anafariki, kwenye chumba cha wagonjwa, na alichokuwa nacho kilikuwa utashi tu. Imani tunayoifundisha, kama tunaifundisha sawasawa, iko pale kwenye utashi na neema. Hisia huja, na huondoka. Ndiyo maana Kanisa lenyewe haliogopi kulisema jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2088, inatofautisha mtu anayekataa kwa makusudi kuusadiki ukweli na yule anayesitasita, anayeshindwa kujibu pingamizi, au anayefadhaishwa na giza la imani. Onyo lake ni kwamba shaka ikipaliliwa makusudi inaweza kuleta upofu wa roho. Namba 157 inamnukuu Kardinali Newman, mwanateolojia wa Uingereza: matatizo elfu kumi hayafanyi shaka moja. Tomaso sitamgusa leo, amehubiriwa vya kutosha kila Jumapili ya pili ya Pasaka.

Kuna kisa kingine hakisimuliwi sana huku kwetu, nacho nakipenda kwa sababu kinatuhusu.

Ufaransa ya wakati ule alikuwepo mwandishi aitwaye Léo Taxil. Alianza kwa kulidhihaki Kanisa, kisha mwaka 1885 akatangaza kwamba ameongoka. Akaandika vitabu juu ya Wafreemason na jinsi wanavyomwabudu Shetani, Wakatoliki wakavinunua kama njugu. Kisha akamleta mwanamke, Diana Vaughan, eti alikuwa mtumishi wa Shetani na sasa ameokoka. Wapo maaskofu walioamini. Kule Lisieux nako wakaamini. Theresia alitunga mchezo mdogo wa kuigizwa na masista, Juni 1896, uliogusia wongofu wa mwanamke huyo, na kwa kutiwa moyo na wenzake akamtumia picha: yeye, Theresia, amevaa kama Yoana wa Arc, yule binti shujaa wa Ufaransa. Jibu likaja, wakafurahi.

Tarehe 19 Aprili 1897, Jumatatu ya Pasaka, Taxil aliwakusanya waandishi wa habari jijini Paris. Walikuja kumwona Diana. Akawaambia Diana yule waliyemsoma hajawahi kuwepo, amewachezea Wakatoliki kwa miaka kumi na miwili. Na picha iliyooneshwa ukumbini ilikuwa ile ya Theresia. Habari ikafika monasterini. Theresia, mgonjwa, mwaka mzima yuko gizani, akajua kwamba ushuhuda uliomtia moyo ulikuwa uongo wa mtu anayecheka. Akaichana barua ya "Diana" na kuitupa kwenye lundo la samadi bustanini.

Wiki chache baadaye ndipo alipoandika kurasa zile juu ya giza. Humo anasema yuko tayari kuketi meza moja na wasioamini, kuula pamoja nao mkate wa uchungu, na asiinuke pale hadi Mungu atakapotaka. Anawaita ndugu zake. Sijui kama Taxil alikuwa mawazoni mwake alipoandika "ndugu". Ningependa iwe hivyo, lakini hayo ni yangu.

Kwa nini nasema kinatuhusu? Kwa sababu siku hizi tumejazwa shuhuda. Kila simu ina video ya mtu aliyetoka kuzimu na kutaja nani yupo huko. Katika kutaka sana kuthibitishiwa, tunaweka imani ya watoto wetu juu ya akina Diana Vaughan, na siku uongo ukifichuka mtoto anatupa vyote samadini, barua pamoja na Injili. Theresia alitupa barua tu.

Tuje kwenye jumuiya zetu. Alhamisi jioni, mikeka imetandikwa, Neno limesomwa, mwenyekiti anasema: Mungu ni mwema! Tunaitikia: Kila wakati! Pembeni kuna mama aliyemzika mwanawe mwezi uliopita. Midomo yake inaitikia pamoja nasi. Simlaumu mwenyekiti, maneno ni ya kweli. Swali langu ni je, mama huyu akitaka kusema kwamba tangu mazishi akisali anaona anaongea na ukuta, ataambiwa nini? Nawajua wenzangu. Ataambiwa aongeze rozari, au aangalie kama kuna dhambi hajaiungama, au aombewe, maana huenda ni pepo. Ni yale yale ya padre wa kwanza, usikae na mawazo hayo, ila sisi tunayasema kwa kelele zaidi.

Na hapa niseme jambo ambalo halitoki kwenye vitabu vya sala. Baba yake Theresia, Louis Martin, aliugua akili, akalazwa hospitali ya Bon Sauveur mjini Caen miaka mitatu, na maneno ya watu mjini hayakukosekana. Theresia mwenyewe, maumivu yalipozidi Septemba 1897, alimwonya dada yake asiache dawa zenye sumu karibu na wagonjwa wenye maumivu kama yake, na akasema kama asingekuwa na imani angejiua bila kusita. Mtakatifu amesema hivyo. Kwa hiyo katekista ukimsikia mtu anaongea namna hiyo, usimpe novena ukaenda zako. Kaa naye, ondoa hatari iliyo karibu, mpeleke hospitali. Novena mtasali njiani.

Theresia alifariki tarehe 30 Septemba 1897, ana miaka 24. Siku moja kabla, kijana aitwaye Maurice Bellière alipanda meli kwenda Algeria kuingia unovisi, yaani malezi ya mwanzo, wa Wamisionari wa Afrika, hao ambao wazee wetu waliwaita White Fathers. Alikuwa ameandika Karmeli akiomba sista wa kumsindikiza kwa sala, akapewa Theresia, naye akamwandikia hadi Agosti ile ya mwisho. Bellière akawa padre, akafika Nyasaland, Malawi ya leo. Akaugua, akarudi Ufaransa, akafa mwaka 1907 katika Bon Sauveur ile ile ya Caen. Aliombewa na mtakatifu mkubwa, na mwisho wake ukawa huo. Sanamu yake sijaiona popote. Nami namhesabu miongoni mwa waliotuletea Injili.

Leo ni Ijumaa. Mapadre na masista katika Sala ya Usiku watasali Zaburi ya 88, kama kila Ijumaa. Ni zaburi inayoanza na kilio na kumalizika na kilio, hakuna mstari wa shukrani mwishoni, na neno lake la mwisho ni giza. Walei wengi hatuijui. Kwenye makundi ya mchana naomba isomwe kwa sauti, mara moja, na asitokee mtu wa kukimbilia kuifafanua. Halafu kila mmoja afikirie darasa lake la kipaimara au jumuiya yake, amtaje moyoni mtu mmoja ambaye huenda yuko alipokuwa Theresia, na aamue ni siku gani wiki hii atapita kwake nyumbani.