Vizimba vya chuma juu ya makaburi, Edinburgh

Ndugu zangu, habari za nyumbani? Leo nipo Edinburgh, Uskoti, kwenye makaburi ya Greyfriars. Naishusha kamera muone vizuri. Hizi nondo nene zimefunika kaburi zima, na majani yameota humohumo ndani. Nimezishika, zina kutu na baridi inachoma vidole.

Jana nilimtumia mama picha, akaniuliza, "Mwanangu, huyo marehemu alikosa nini mpaka wakamfungia?" Mama, hakufungiwa asitoke. Alifungiwa asiibiwe.

Miaka 200 iliyopita, vyuo vya udaktari hapa vilihitaji maiti za kufundishia, na sheria iliwapa chache tu, kama za wauaji walionyongwa. Hazikutosha. Basi wezi walikuja usiku na sepeto za mbao zisizopiga kelele, wakachimba upande wa kichwa peke yake, wakavunja kifuniko cha jeneza na kumvuta maiti kwa kamba. Sanda waliirudisha kaburini. Kisheria maiti haikuwa mali ya mtu, lakini ukichukua kitambaa, huo ni wizi. Hapo nilisimamisha kurekodi kwanza, maana nilimkumbuka babu yangu.

Vizimba hivi, mortsafe kwa lugha yao, vilianza kutumika kama mwaka 1816. Chuma kilikuwa ghali, kwa hiyo watu walichanga, wakanunua kimoja cha kuazimana. Kikikaa juu ya kaburi wiki kama sita, mwili umeshaharibika, hauna soko tena, kinahamishiwa kwa mfiwa mwingine. Asiyeweza kuchanga alikesha kaburini mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwenye baridi hii. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi.

Mwaka 1828, mjini humuhumu, William Burke na William Hare hawakufukua hata kaburi moja: waliua watu 16 na kuwauza kwa Dakta Robert Knox. Burke alinyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa. Mifupa yake ipo chuo kikuu mpaka leo.

Sheria mpya ilikuja 1832, biashara ya wezi ikafa. Lakini sikilizeni ilivyosema: madaktari wapewe maiti ambazo hazikudaiwa na ndugu. Nyingi zilitoka kwenye nyumba za umma za kutunzia maskini. Nimeuliza kama maskini hao waliwahi kuwekewa chuma. Mlinzi wa hapa amenionyesha kwa mkono uwanja wa nyasi tupu, ule pale nyuma yangu.