Kiti Bila Mpiga Kura

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Mwanza, na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe, asanteni kwa kuja.

Juzi nilikuwa mwaloni Kirumba, nimekaa na mama mmoja anayeuza dagaa. Ana ualbino. Kofia pana, kitenge kimemfunika hadi viganjani, na jua likizunguka anaburuta gunia lake kufuata kivuli. Nikamwambia kwa furaha kwamba nakuja kuzungumzia viti vya bungeni kwa watu wenye ulemavu kama yeye. Akaendelea kupepeta mchanga, kisha akauliza: “Sasa mwanangu, huyo mbunge wetu akitusahau, tunamtoaje?”

Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo limenileta hapa.

Tazameni Katiba yetu. Marekebisho ya 2005 yalifikisha viti maalumu vya wanawake asilimia 30, na ni jambo jema. Lakini viti hivyo hugawiwa kwa hesabu ya kura za vyama, na majina hutoka kwenye orodha za vyama. Mwenye ulemavu hana kiti chake kabisa. Ama chama kimweke, ama Rais amteue kama alivyoteuliwa Al-Shymaa Kway-Geer mwaka 2008, ama apambane jimboni kama Salum Barwany, aliyeshinda Lindi Mjini mwaka 2010; wote wawili wana ualbino. Huyo wa pili, ndugu zangu, alichaguliwa wakati watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa wanauawa!

Wahindi waligombana juu ya jambo hili hili mwaka 1932. Ambedkar, kiongozi wa jamii zilizoitwa najisi, alitaka jamii hizo ziwachague wabunge wao peke yao. Gandhi akagoma kula gerezani mpaka Ambedkar akalegeza. Wakakubaliana viti 148 katika mabaraza ya majimbo: mgombea atoke kwenye jamii hizo, lakini kura ya mwisho wapige wote. Leo bunge la India limetenga viti 84 kwa jamii hizo na 47 kwa makabila ya asili, kwa utaratibu huo huo wa kura ya wote. Ambedkar alilalamika baadaye kwamba mbunge wa namna hiyo huwatii walio wengi. Mimi naona alikuwa sahihi.

Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda ina wabunge 5 wa watu wenye ulemavu, na wanaowachagua ni wajumbe wenye ulemavu kutoka wilayani. Sisemi hakuna ushawishi wa wakubwa. Lakini pale mbunge anajua arudi kwa nani kuomba kura.

Hilo ndilo ninalolidai kwenye katiba mpya: kiti, pamoja na daftari la wapiga kura wake. Kesho alfajiri nampelekea mama jibu lake. Najua atauliza la pili: sanduku litawekwa wapi, na nauli ya kulifikia atatoa nani?