Fundi, Weka Muziki

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, vijana mambo, na wale mliokuja kwa ajili ya soda, mwadila. Soda zipo, ila zitatoka mwisho. Mwenyekiti amezificha kwa makusudi, nami nimemuunga mkono.

Hapa mbele naona watu wanne walionisikia nikilisema jambo hili mara tatu. Nawaomba radhi. Sitalibadilisha, maana na wanasiasa wetu hawajabadilika.

Nimeombwa nizungumzie wanavyotendewa watu wanaopinga kwa amani kwenye mikutano ya siasa. Mtu kasimama na bango, mtu kageuza mgongo, mtu kazomea. Anayerusha jiwe simo naye, ana sheria yake. Ibara ya 18 na ya 20 za Katiba, za uhuru wa kutoa maoni na wa kukutana, mnazo kwenye simu zenu, sitazisoma. Nilizisoma darasani miaka 27 na hakuna aliyewahi kuachiwa kituo cha polisi kwa sababu nilizisoma vizuri.

Nilikuwa mwalimu wa Uraia. Mshahara wa mwalimu mnaujua, kwa hiyo jioni na mwisho wa wiki nilikuwa fundi wa spika. Nilikuwa na mikseri ya chaneli nane, spika nne, honi mbili za kufunga juu ya gari, na jenereta iliyokohoa kama mzee wa kiko. Harusi, mahubiri, misiba, na kila baada ya miaka mitano, siasa. Vyama nimevifungia mitambo karibu vyote. Hela haina rangi.

Sasa, mwaka mmoja wa uchaguzi. Mwaka sitautaja na chama sitakitaja, maana nikikitaja nusu yenu mtanuna na nusu mtashangilia, na hakuna atakayesikiliza. Tulikuwa viwanja vya Furahisha hapa Mwanza, saa kumi na moja jioni, jua limeshashuka upande wa ziwani. Mgombea yuko jukwaani anaeleza mradi wa maji. Anaeleza vizuri, kusema kweli: mabomba, tenki, idadi ya kaya. Katikati ya watu, mama mmoja akanyanyua boksi.

Lilikuwa boksi la biskuti, limepasuliwa likafunguliwa, na upande wa ndani kaandika kwa mkaa: MABATINI MAJI HAKUNA MWEZI WA TATU HUU. Herufi za mwisho zimebanana kwa sababu nafasi ilimwishia. Kanga yake ilikuwa na magamba ya dagaa. Alikuwa ametoka soko la Mwaloni moja kwa moja. Na hakusema neno. Hilo mlishike, kwa sababu kesho yake niliambiwa mtaani kwamba kulikuwa na mwanamke alimtukana mgombea.

Mgombea akaliona boksi. Nilijua ameliona, kwa kuwa kazi ya fundi ni kuutazama mdomo: ukisogea mbali na maiki unaongeza, ukikaribia unapunguza. Mdomo ukakwama. Sekunde mbili, tatu. Watu wa mbele wakaanza kugeuza shingo. Kisha akacheka, akasema, "Naona huyu mama yetu ametumwa."

Basi. Hakusema mpigeni, hakusema mtoeni. Alisema "ametumwa," na kabla kicheko hakijaisha vijana wanne wa ulinzi wa chama walikuwa wameshamfikia. Mmoja kavuta boksi, mwingine kavuta mkono. Boksi likachanika katikati, na kipande kilichobaki juu kikasomeka MABATINI MAJI, kama bango la shukrani.

Hapo ndipo mama alipoanza kupiga kelele. Mgombea akafunika maiki kwa kiganja, akanigeukia: "Fundi, weka muziki."

Nikaweka. Nilipandisha mpaka taa nyekundu ya mikseri ikawaka. Mama akatolewa mbele ya umati ule, mdomo wazi, hakuna anayemsikia, na watu wanacheza. Akaingizwa kwenye difenda ya polisi. Mimi nililipwa jioni ile ile, jambo la nadra sana katika siasa.

Nilimwona tena mara moja tu, Mwaloni, anapima dagaa. Nikanunua sado mbili bila kuuliza bei. Akanitazama, akasema, "Wewe si ndiye yule wa muziki?" Nikamuuliza ilikuwaje. Alilala kituoni, asubuhi wakamwambia nenda nyumbani mama, usirudie. Hakuna kosa lililoandikwa, kwa hiyo hata cha kutorudia hakukijua. Lakini kilichokuwa kinamuuma si kulala kituoni. Kilichomuuma ni kwamba jirani zake wa Mabatini, wanaochota maji kisima kimoja naye, walikuwa pale uwanjani, na walicheza.

Nikialikwa, watu hutaka niwaseme polisi. Nitawasema muda ukibaki. Siku ile polisi walikuwa mbali, wameegemea gari wanatafuna miwa. Walisogea baada ya kicheko na muziki, walipoona mama ameshageuzwa mhalifu na mtu mwenye spika nne. Dai langu ni hilo na ndilo nililotoka nalo nyumbani: kitakachompata mwenye bango huamuliwa na aliyeshika maiki, katika zile sekunde mbili tatu mdomo ulipokwama.

Najua, mtasema mwalimu anajenga nyumba ya ghorofa juu ya boksi la biskuti. Haya, twende Marekani. Kuna mji unaitwa Fayetteville, jimbo la North Carolina. Mwaka 2016 mji huo ulipata mikutano miwili ninayoipenda kuliko mifano yote, kwa kuwa mji ni mmoja na mwaka ni mmoja.

Wa kwanza ulikuwa tarehe 9 Machi, wa Donald Trump. Wapingaji wanatolewa nje, mmoja ni kijana Mweusi wa miaka 26, anapandishwa ngazi na askari huku na huku. Mzee wa miaka 78 aliyekaa pembeni ya ngazi akamchapa ngumi ya uso. Askari wakamlaza chini nani? Aliyepigwa! Wakamfunga pingu yeye, na mzee akarudi kwenye kiti chake kusikiliza hotuba. Alikamatwa kesho yake, baada ya video kusambaa, na askari kadhaa waliadhibiwa na mkuu wao. Sasa mniambie, yule mzee aliota tu kumpiga mtu? Mwezi uliotangulia, huko Iowa, mgombea huyo huyo aliwaambia wasikilizaji wake kwamba wakimwona mtu anajiandaa kurusha nyanya wamtwange, na gharama za wakili atalipa yeye. Mdomo ulikuwa umeshafanya kazi.

Mkutano wa pili, tarehe 4 Novemba, siku chache kabla ya kura. Rais Obama anampigia kampeni Hillary Clinton kwenye chuo kikuu cha mji huo. Mzee mmoja akasimama na bango la Trump. Ukumbi ukalipuka kwa kuzomea. Na Obama akaanza kuhangaika na watu wake mwenyewe: kaeni, nyamazeni, nisikilizeni. Akawahesabia sababu. Nchi hii inaheshimu uhuru wa kusema. Mzee anaonekana kama aliwahi kulitumikia jeshi, hilo tuliheshimu. Ni mtu mzima, na wazee wetu tunawaheshimu. Na ya nne, msizomee, pigeni kura. Hiyo sababu ya tatu ingetoka kwa bibi yangu wa Ngudu nisingeshangaa. Jioni ile ile upande wa pili ukatangaza kwamba Obama alimfokea mzee wa watu. Video ipo, katazameni, ila nunueni bando zenu wenyewe.

Na yule kijana wa Machi na mzee aliyempiga walikutana mahakamani Desemba mwaka huo, mzee akaomba radhi, wakakumbatiana. Mimi ningependa na yule wa jukwaani awe na siku ya kuomba radhi, lakini sheria haimfikii kirahisi mtu aliyecheka tu.

Sasa hili la "ametumwa." Naomba tulimalize leo. Tuseme kweli yule mama alitumwa, kapewa na elfu tano. Je, wale waliovaa fulana mpya, kofia mpya, wameshuka kwenye Fuso tatu kutoka wilaya nyingine, wao walijituma? Kama kutumwa ni kosa, karandinga lianzie kwenye Fuso. Halafu swali lake lilikuwa la maji. Hata lingeletwa na shetani, jibu lake lipo bombani.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Basi tuzunguke ziwa letu hili tufike Kisumu. Tarehe 25 Oktoba 1969. Mzee Kenyatta amekwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ndiyo maana wenyeji wanaiita Russia. Waziri Tom Mboya, Mjaluo kama wenyeji hao, ameuawa Nairobi Julai ile, watu wana msiba na hasira. Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, yupo hapo hapo. Umati ukazomea, ukapaza kauli ya chama cha KPU. Na rais badala ya kunyamaza akajibu kwa matusi, mbele ya maiki, akimjibu Odinga na umati pamoja. Msafara ulipoondoka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema wamekufa watu 11. Kisumu hawajaikubali hesabu hiyo mpaka leo. Siku tano baadaye KPU kikapigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini.

Naona mzee pale kwenye nguzo unaguna. Najua unachogunia: mawe yalirushwa. Ndiyo, wapo wanaosema mawe yalirushwa. Mimi sitetei jiwe. Novemba 2014 pale Ubungo, Jaji Warioba, aliyeongoza tume ya Katiba mpya, alikuwa anazungumza kuhusu Katiba, mabango yakanyanyuliwa, halafu viti vikaanza kuruka na mzee wa watu akavamiwa. Ulipoacha bango ukashika kiti, usinipigie simu. Lakini jiwe la mmoja halimgeuzi jirani yake kuwa mrusha mawe. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliandika hivyo 2020, ikiufafanua mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, na nchi yetu imo kwenye mkataba huo tangu 1976. Kule Kisumu, mtoto aliyekuja kumwona rais hakuwa na jiwe. Ngoja mzee, utapata nafasi.

Kuna na Uingereza, nilitaka kuieleza kwa kirefu lakini mwenyekiti ameshavaa miwani, dalili mbaya. Kwa kifupi: Brighton, 2005, mkutano mkuu wa chama cha Labour. Waziri Jack Straw anatetea vita ya Iraki. Walter Wolfgang, miaka 82, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, mwanachama wa miaka mingi, akasema kwa sauti: "Upuuzi!" Akanyanyuliwa kitini na mabaunsa. Alipotaka kurudi ndani, polisi wakamzuia kwa sheria ya ugaidi. Ugaidi! Chama kikaomba radhi, na mwaka uliofuata wanachama wakamchagua kuingia halmashauri kuu ya taifa ya chama. Angeachwa amalize neno lake, nisingelijua jina lake hapa Mwanza.

Hili la mila silipitii juu juu, maana ndilo linaloniudhi. Mtu anakuja na tai ananiambia, mwalimu, kumkatiza mkubwa akizungumza si utamaduni wetu. Utamaduni wa nani? Sisi Wasukuma tuna bagika na bagalu. Pande mbili za ngoma, zinacheza siku moja, uwanja mmoja, zikiangaliana, na nyimbo zake mnazijua: hawaimbiani pambio. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anamchambua manju mwenzake kuanzia dawa zake mpaka miguu yake. Na watazamaji wanahama. Ukipooza, unawaona kwa macho yako wanakwenda upande wa pili, na huna askari wa kuwarudisha. Unafanya nini? Unaleta nyoka, unaleta fisi, unatunga wimbo mpya. Nendeni Bujora wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, mkaone. Babu zetu walijua kupingwa hadharani kabla chama chochote hakijapata kadi namba moja. Aliyekosa mila ni yule anayecheza peke yake uwanjani, kisha anatangaza ameshinda.

Na wagombea wenyewe wangenisikiliza kwa faida yao. Mwaka 2010 mitambo ilipiga hapa kila jioni, umati ukashangilia, fulana zikaisha. Kura zilipohesabiwa, majimbo ya Nyamagana na Ilemela yote yakaenda upinzani, na aliyeangushwa Nyamagana alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Mwenye bango hukuambia bure, mapema, kile ambacho masanduku yatakuambia kwa gharama.

Dakika mbili? Haya. Polisi niliwaahidi: sheria yao inadai taarifa ya saa 48 kabla ya mkutano. Ni taarifa, lakini nendeni nayo kituoni muone inavyogeuka ombi. Marufuku ya mikutano mpaka Januari 2023 mnaikumbuka, nairuka. Waandishi wa habari: Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Septemba 2012, polisi walipotawanya mkutano wa chama, naye alikuwa kazini tu. Hilo lilistahili jioni nzima, nisameheni. Nilikuwa na jambo kuhusu vijana wa ulinzi wa vyama na nani anawafundisha, basi tena.

Mafundi mitambo waliomo humu, nawaona watatu, na wewe unayeshughulikia spika hizi: mikseri ina swichi ya kuzima, na maiki ina waya. Mgombea akifunika maiki kwa kiganja akakugeukia, kumbuka hakuna anayemsikia isipokuwa wewe. Unaweza ukawa hukusikia. Jenereta linapiga kelele sana.

Maswali. Naanza na mzee wa kwenye nguzo, uliyekuwa unaguna tangu Kisumu. Fundi, mpelekee maiki. Waya haufiki? Basi mzee, njoo wewe hapa juu, mimi nakaa chini.