Reli, Hati Miliki na Kilichomo Chini ya Ardhi

Ndugu wasikilizaji, kila ninapolizungumzia jambo hili, la ardhi ambayo serikali ya Marekani ilizipa kampuni za reli, huulizwa: kwani madini si mali ya taifa? Kwetu Tanzania na Kenya ndivyo sheria isemavyo. Marekani, mwenye ardhi kwa kawaida ndiye mwenye madini yaliyomo chini yake, isipokuwa aliyemuuzia aliyabakiza, na kwa hiyo zawadi hizo za ardhi zingali zinazaa mapato hadi leo.

Sheria ya 1862, iliyotiwa saini na Rais Lincoln, na ile ya 1864 iliyouzidisha ukarimu huo maradufu, ziliipa kampuni ya reli ya Union Pacific viwanja vya ekari 640 vyenye namba witiri, vya namba shufwa vikabaki serikalini, hata ramani ya kusini mwa Wyoming ikafanana na ubao wa drafti. Bunge liliruhusu makaa ya mawe na chuma viende na ardhi, likaizuia ardhi yenye madini mengine. Vivyo hivyo kwa Southern Pacific, kampuni nyingine ya reli, kule California. Basi mafuta, nayo yakiwa katika madini yaliyozuiwa, yaliifikiaje kampuni ya reli? Hapa naomba mnivumilie.

Maafisa wa ardhi, badala ya kwenda kuchunguza, waliandika tu katika hati kwamba ardhi yoyote itakayogundulika kuwa na madini haimo. Mwaka 1914, katika kesi ya Burke dhidi ya Southern Pacific, Mahakama ya Juu ilisema hawakuwa na mamlaka ya kuandika kifungu hicho: wajibu wao ulikuwa kuamua kwanza, na hati ikishatoka imetoka. Mtasema serikali ingeweza kudai kwamba ilidanganywa. Iliweza, na mwaka 1919 ikashinda kuhusu Elk Hills, ardhi ya mafuta huko California, kwa kuwa barua za kampuni yenyewe zilionyesha kwamba ilijua kuwa ardhi ile ina mafuta. Lakini ni wangapi watakaokutunzia ushahidi wa hila yao katika jalada?

Muda unaniishia. Union Pacific iliwauzia wafugaji malisho mengi ikajibakizia kilichomo chini, yakiwemo magadi ya Green River, huko huko Wyoming. Haki hizo zilifika kwa kampuni ya mafuta ya Anadarko mwaka 2000, kisha kwa nyingine, Occidental, mwaka 2019, na mwaka 2020 zikauzwa kwa Orion, kampuni ya uwekezaji katika madini: ekari zipatazo milioni 4.5 za madini. Serikali ya jimbo la Wyoming nayo ilipeleka dau lake, ikazidiwa.