Mamkubwa kaitisha mbuzi

ZUHURA: Tunarekodi?

KOMBO: Tunarekodi tangu ulipoanza kuitukana feni yangu.

ZUHURA: Basi utakata hapo. Asalaam aleikum, habari zenu, ni sisi tena, tuko kwa Kombo hapa Tanga, Ngamiani barabara ya kumi na mbili, bodaboda mtazisikia, feni pia mtaisikia.

KOMBO: Na baiskeli iko salama, kwa wale mliouliza wiki iliyopita. Imepata tairi jipya.

ZUHURA: Hakuna aliyeuliza. Haya, leo nina karatasi, mambo matano, nimeandika kwa peni nyekundu kabisa, manake kila wiki tunaahidi tunaishia kupiga stori. Mambo matano ya kufanya kama nyumbani una mtu anayesahau au ana ugonjwa wa akili. Wanaofuatilia wanajua mamkubwa wangu alipata kiharusi mwaka juzi, na baada ya pale kumbukumbu ikaanza kuyumba. Sasa Jumanne kaja mtaalamu wa tiba kazi.

KOMBO: Daktari wa mazoezi.

ZUHURA: Siyo wa mazoezi, na mie nilisema hivo hivo mlangoni nikasahihishwa. Wa mazoezi anashughulika na mkono unyanyuke, mguu ukanyage. Huyu anauliza mkono ukishanyanyuka unaufanyia nini. Utavaa? Utapika? Utahesabu chenji dukani? Ni binti mdogo, kasomea kule hospitali ya KCMC Moshi. Kaingia, kavua viatu, kakaa mkekani na mamkubwa, hana hata karatasi ya maswali. Mie nilitegemea atamuuliza leo tarehe ngapi, rais nani, zile za kuhesabu kurudi nyuma.

KOMBO: Hata mie tarehe siijui hapa.

ZUHURA: Akamuuliza, bibi ulikuwa unapenda kupika nini? Mamkubwa akamwangaliaa, akasema, mchuzi wa samaki wa nazi. Binti akasema haya tupike. Mamkubwa akageuka mlangoni akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu augue, nileteeni mbuzi!

KOMBO: Ee.

ZUHURA: Sasa yupo mjukuu wake kaja likizo, ana miaka sita, kazaliwa Dodoma kakulia Dodoma. Katoka mbio. Tukamsubiri. Dakika kumi, hayupo. Namkuta nyuma ya nyumba ya jirani anavutana kamba na beberu.

KOMBO: [anacheka] Wallahi?

ZUHURA: Beberu la watu lina ndevu hizi! Mtoto analia, bibi kasema nilete mbuzi, huyu hataki kuja!

KOMBO: Ila mtoto hana kosa. Kiswahili ndo kina kosa, kifaa cha kukunia nazi unakiita mbuzi kwa nini? Kina kwato?

ZUHURA: Kina meno.

KOMBO: Hata papa ana meno. Na Dodoma mbuzi anayemjua yeye yuko kwenye mkaa na ndimu pembeni. Mie nyumbani situmii tena, natumia blenda, nakata nazi vipande, maji ya vuguvugu, vuuu, nachuja, nimemaliza.

ZUHURA: Unachuja na nini?

KOMBO: Na kile kichujio cha chai.

ZUHURA: Jamani. Mtoto wa Tanga anachuja tui kwa kichujio cha chai. Kifumbu hukijui?

KOMBO: Nakijua, kiko makumbusho.

ZUHURA: Ndo maana mchuzi wako ule wa Idi ulikuwa una mchanga.

KOMBO: Haukuwa mchanga ule, ilikuwa chicha. Endelea na binti.

ZUHURA: Mbuzi ikaja, mbuzi ya mti. Binti kaikagua kwanza, kaitikisa miguu, kaisogeza ukutani ili mamkubwa akikaa awe na pa kuegemea. Halafu kanionesha kitu sikuwa nimekiona miaka miwili hii. Mamkubwa upande wa kushoto haupo kwake. Yaani macho mazima, ila kichwa hakiuhesabu. Chakula anakula nusu ya sahani, ya kulia, sisi tunasema bibi hana hamu ya kula! Binti kageuza sahani tu, mamkubwa akaimaliza nusu iliyobaki. Miaka miwili tunamnunulia dawa za kuongeza hamu.

KOMBO: Dah.

ZUHURA: Kugeuza sahani, Kombo. Halafu akabandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa sinia, akamwambia kila mara tafuta nyekundu kwanza ndo uanze. Haya, nazi. Nilimpa nazi nzima nikasema hapa ataomba msaada. Kaigonga na mgongo wa panga, moja, mbili, imefunguka katikati, maji kayakinga kwenye kikombe hata tone halikumwagika. Kakaa juu ya mbuzi, kaanza kukuna huku anaizungusha nazi, anafika kwenye ile ngozi ya kahawia anaacha. Hakuambiwa. Mtu ambaye asubuhi yake kaniuliza mie mtoto wa nani.

KOMBO: Mikono inakumbuka.

ZUHURA: Ndo alivyoeleza. Kumbukumbu siyo chungu kimoja. Ile ya jana ulikula nini inaharibika mapema, ila ile ya mwili, ya kitu ulichokifanya miaka hamsini, inachelewa kuondoka. Kwa hiyo yeye anaingilia mlango ambao bado uko wazi.

KOMBO: Sawa, ila subiri, kasimele, lile tui la kwanza zito, alikamua vizuri?

ZUHURA: Unaona? Unataka kunirudisha kwenye tui.

KOMBO: Si swali la msingi? Kuna msikilizaji katuma vois humu, alikuona stetasi Jumanne na sinia lako, anasema tui la kwanza la mbuzi na tui la blenda ukiyaweka kwenye glasi mbili hatofautishi mtu.

ZUHURA: Huyo msikilizaji ni wewe.

KOMBO: Ni mtu wa Makorora.

ZUHURA: Ni wewe umebadilisha sauti! La blenda linajitenga, linakuwa na povu juu kama sabuni. La mbuzi ukikamua kwa kifumbu linatoka zito, unaweka mwisho kabisa kwenye mchuzi, hulichemshi sana. Halafu kuna watu wanamwaga la kwanza mwanzoni pamoja na samaki mbichi, hao sijui walilelewa na nani.

KOMBO: Na mama yangu.

ZUHURA: Mama yako anaweka la pili kwanza, nimeshakula kwake.

KOMBO: Anaweka yote mara moja, gesi imepanda bei.

ZUHURA: Astaghfirullah. Sa nisikilize, manake hapo kwenye tui ndo palipoharibika. Mamkubwa kakamua, kasimele ile nzuri nyeupe, halafu kainyanyua bakuli akawamwagia kuku. Machicha akayatia kwenye sufuria.

KOMBO: Aah. Maskini.

ZUHURA: Mie nikapiga kelele, mamkubwa siyo hivo! Akaganda. Uso ukaanguka, akaanza kunawa mikono, ndo kashaacha. Binti kanitoa jikoni kwa adabu kabisa. Baadaye akanambia, mtu mwenye kumbukumbu hii ukimwacha akosee halafu umsahihishe, kichwa kinaweza kukamata lile kosa na aibu yake, kwa hiyo unamzuia kabla hajakosea. Wakaanza upya na nazi nyingine. Vyombo kavipanga kwa mstari kwa jinsi vinavyofuatana, bakuli la bluu la tui, ndoo ya kuku kaitoa nje kabisa isionekane. Na ikifika pale mkono unasita, haongei, anamgusa tu kiwiko kukielekeza. Akisita zaidi anamshika mkono wanafanya pamoja, halafu anaachia.

KOMBO: Mchuzi ukapikika?

ZUHURA: Ukapikika, chumvi haikuwepo. Tukala hivo hivo, na usiku ule kalala mpaka alfajiri, hakutoka mlangoni saa nane kama kawaida yake.

KOMBO: Siku moja hiyo.

ZUHURA: Jumanne, jana, na leo asubuhi kaitisha tena mbuzi.

KOMBO: Zuhura, mie nina neno na usikasirike. Mtu ana miaka sabini na moja, kapigwa na kiharusi, unampandisha juu ya chuma chenye meno. Mikono inakumbuka, sawa, na siku ikisahau? Mie kwetu mzee kazi kashafanya. Anakaa, analetewa. Jirani akipita akamkuta mamkubwa anakuna nazi na wewe umesimama atasema nini?

ZUHURA: Alishasema. Alisema mnamfanyisha kazi mgonjwa.

KOMBO: Basi.

ZUHURA: Basi nini? Wewe si ndo ulimsifia yule jamaa wa kijiweni, alipotoka kulazwa na zile sauti zake, alipopangiwa siku yake vipande vipande, akiamka anafagia banda, akinywa chai ndo anameza dawa, halafu anaziba pancha mbili tu asizidishe? Ukasema kazi imemrudisha mtu.

KOMBO: Yule kijana! Ana maisha mbele, lazima ajitegemee. Na pancha haikati mtu vidole.

ZUHURA: Kumbe mzee hana haja ya siku yake kuwa na mpangilio.

KOMBO: Sijasema hivo. Na hilo la kazi usilichukulie rahisi, kule Ulaya zamani hospitali za wagonjwa wa akili walikuwa wanalimishwa na kufulishwa, ikaitwa tiba, kumbe hospitali inaendeshwa na mikono yao.

ZUHURA: Kweli, na ndo maana swali la kwanza la yule binti lilikuwa unapenda nini, hakuuliza nyumba inahitaji nini. Hapa hapa mkoani tuna Lutindi kule juu Korogwe, ilianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya matibabu mpaka leo. Na hao Wamarekani walioanzisha chama cha fani hii 1917, Clifton Springs, New York, mmoja wao George Barton alikuwa mchora ramani za majengo, mwenyewe kapooza upande wa kushoto, akajitibu kwa kulima bustani na useremala. Kushoto, Kombo, kama mamkubwa. Hakulazimishwa na mtu.

KOMBO: Alikuwa na akili zake timamu huyo, kachagua. Mamkubwa anachagua?

ZUHURA: Kaitisha mbuzi mwenyewe.

KOMBO: Kaitisha kwa mazoea.

ZUHURA: Na wewe blenda unaiwasha kwa nini?

KOMBO: Usinitanie hapa. Babu yangu Pangani alikuwa anasahau hivi hivi, na sisi tulisema mwacheni apike kahawa yake, ndo raha yake. Akajimwagia birika lote mguuni. Mie ndo nilikuwa naenda kumfunga kile kidonda, miezi minne, anauliza kila siku kapatwa na nini, kila siku namwambia upya, na kila siku anashtuka upya.

ZUHURA: ...Pole. Hili hukuwahi kusema.

KOMBO: Haya nimesema.

ZUHURA: Lakini mlikaa naye pembeni?

KOMBO: Tulikuwa chumba cha pili.

ZUHURA: Ndo tofauti, mie nakaa naye mkeka mmoja.

KOMBO: Leo unakaa. Ramadhani utakaa? Ukiwa na mgonjwa mwingine utakaa? Mie ningeificha hiyo mbuzi.

ZUHURA: Na mie siifichi. Tulificha kila kitu mwaka mzima, visu, kiberiti, funguo, akabaki anatuuliza hii nyumba ya nani na kwao kuko wapi. Siifichi.

KOMBO: Haya.

ZUHURA: Usiseme haya kama umekubali.

KOMBO: Sijakubali, nimesema haya.

ZUHURA: Saa ngapi?

KOMBO: Kumi na mbili kasoro, na luku imebaki yuniti moja na kitu, feni hiyo.

ZUHURA: Jamani mambo matano! Haya haraka, la kwanza, geuzeni sahani. La pili...

KOMBO: La pili kifumbu.

ZUHURA: La pili lilikuwa la vibandiko vya picha kwenye milango ya kabati, picha siyo maandishi, manake... Kombo, hiyo ni azana?

KOMBO: Bado, ni jirani anajaribu spika.

ZUHURA: Basi hayo mengine nitayapiga picha niweke stetasi, mwandiko mtavumilia. Jumapili unakuja kula?

KOMBO: Nakuja, ila nakuja na tui la boksi.

ZUHURA: Ukiingia na boksi utamkuta mlangoni na panga.

KOMBO: Si ndo nilichokuwa nasema muda wote huu, kwamba panga...

ZUHURA: Zima, zima, luku hiyo inalia.