Gari ya Mwezi wa Tatu Si Gari ya Mwezi wa Nane

Asalaam aleikum, hamjambo wote, karibuni Tononoka. Nashukuru mmekuja, maana Jumamosi jioni Mombasa mtu ana pahali pengi pa kwenda. Naanza moja kwa moja na lile swali linalozua kelele barazani, ati msimu wa 2024 ni timu gani ilikuwa na gari yenye mbio zaidi kwa Fomula Wani, yale mashindano ya dunia ya magari ya mbio, Red Bull, McLaren ama Ferrari? Mimi nasema swali lenyewe limekaa vibaya. Hakuna gari moja iliyokimbia msimu mzima. Hawa watu wanabadilisha sakafu ya gari, bawa la mbele, mifereji ya kupoza breki, msimu mzima hawatulii, na sisi tunaona rangi ile ile na jina lile lile tukadhani ni gari ile ile.

Hebu toeni simu tupige hesabu. Bahrain, reisi ya kwanza, tarehe 2 Machi, Verstappen kashinda na Red Bull yake, Lando Norris wa McLaren kamaliza wa sita, nyuma sekunde 48.458. Mizunguko ni 57, gawanyeni, mnapata kama sekunde 0.85 kila mzunguko. Hiyo ni nyingi jamani! Sasa twende Zandvoort, Uholanzi, tarehe 25 Agosti, nyumbani kwao Verstappen na alikuwa ameshinda pale miaka 3 mfululizo. Safari hii Norris anapitwa na Verstappen pale mwanzo, anatulia, mzunguko wa 18 anamrudia na kumpita, halafu anamwacha sekunde 22.896 kwa mizunguko 72. Gawanyeni tena, kama 0.32 kila mzunguko, lakini sasa mwenye kuachwa ni yule mwengine. Madereva ni wale wale, timu ni zile zile, hata miezi sita haijafika.

Hapo katikati kuna nini? Kuna Miami mwezi wa tano, McLaren wanaleta furushi kubwa la vifaa vipya, Norris anapata ushindi wake wa kwanza wa Fomula Wani, ni kweli gari la usalama, lile linalotoka mbele kupunguza mwendo wa wote kukiwa na ajali, lilimsaidia siku ile lakini mbio alikuwa nazo. Na Red Bull nao gari yao inazidi kuwa ngumu kuendesha, mbele inauma, nyuma inateleza, dereva haiamini. Baada ya Uhispania mwezi wa sita Verstappen alikaa reisi 10 bila ushindi, mpaka Brazil, kwenye mvua, alipotoka nafasi ya 17 akashinda.

Lakini msizichukue hizo 0.85 na 0.32 mkaziweka kwa mizani moja. Mzunguko wa Bahrain ni kilomita 5.4, wa Zandvoort ni 4.3 hivi, ndio maana wanaofanya hii kazi vizuri hutumia asilimia, tofauti ya muda ukigawa kwa muda wa mzunguko wenyewe. Tena Bahrain lami yake ni kali, inakula tairi za nyuma, na Norris alikwama nyuma ya watu, na aliye mbele peke yake hana haja ya kukamua gari mpaka mwisho.

Sasa nataka tukae kidogo kwa mafuta. Msimu ule wa 2024 gari iliruhusiwa kuanza reisi na petroli mpaka kilo 110, na kila kilo inaongeza kama sekunde 0.03 kwa mzunguko, kwa hivyo gari ile ile mwanzo wa reisi na mwisho wa reisi zina tofauti ya kama sekunde 3. Ni sawa na tuktuk iliyotoka Kongowea na magunia ya viazi ukaishindanisha na ile iliyo tupu. Ndio maana watu wanaotoka msikitini Ijumaa wanafungua simu, wanaona nyakati za mazoezi ya siku hiyo na kuanza kutangaza mshindi, wananisikitisha, kwa sababu siku ile kila timu imetia mafuta inayojua yenyewe.

Na dereva je, utamtoa vipi kwenye gari? Hili ndilo gumu kuliko yote. Monaco 2023, mchujo wa Jumamosi wa kupanga nafasi za kuanzia reisi, Alonso wa timu ya Aston Martin yuko mbele, Verstappen anaingia sehemu ya mwisho ya mzunguko akiwa nyuma kama sekunde 0.2, anapita akigusa kuta kwa ubavu wa tairi, anamaliza mbele kwa 0.084. Mwenzake Perez, gari hiyo hiyo ya Red Bull, aliigonga kona ya kwanza akaanza wa mwisho! Basi mbio za gari ile ni zipi, za wa kwanza au za wa mwisho? Mimi huchukua dereva bora wa kila timu, naondoa mizunguko ya kuingia na kutoka piti, pale wanapobadilisha tairi, naondoa ya gari la usalama na ile aliyokwama kwenye msongamano, halafu nalinganisha tairi za aina moja zenye umri mmoja. Kinachobaki ni kidogo lakini kina ukweli.

Reisi ya Monza, Italia, 2024 ndiyo inayonipendeza kabisa. McLaren wameanza wa kwanza na wa pili, gari yao ina mbio, wakaingia piti mara mbili mbili. Leclerc wa Ferrari kaingia mara moja tu, akazilea zile tairi mpaka mwisho, akashinda kwa sekunde 2.664. Ukiangalia mizunguko ya mwisho mmoja mmoja, Piastri wa McLaren ana mbio kuliko Leclerc, na kombe limekwenda kwa Leclerc.

Mwisho wa msimu, kwa pointi za timu, yaani za madereva wake zikijumlishwa, McLaren 666, Ferrari 652, Red Bull 589, na bingwa wa madereva, Verstappen, anatoka kwa hiyo timu ya tatu. Zile pointi alizibeba nyingi mwanzoni, na gari ya mwezi wa tatu.

Haya, maswali, tuanze na yule kijana wa kofia pale nyuma, mpeni maikrofoni.