Kabla Hamjanunua Mota ya Waipa

Ndugu zangu mafundi, nanyi mnaojifunza kazi hii, wengi wenu mmeshanisikia nikisema haya. Leo narudia kwa kuwa bado naona mota nzima zikifunguliwa na kutupwa. Gari linaletwa, waipa zinajikokota, na fundi anatamka "mota imekufa" kabla hata hajafungua boneti. Kapima nini?

Fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi, mota: njia hiyo ya umeme kwenda kwenye mota mnaijua, sitaipitia. Nataka njia ya kurudi. Umeme ulioingia kwenye mota lazima urudi kwenye hasi ya betri, na unarudi kwa waya wa ethi, yaani waya uliofungwa kwenye bati la gari, na bodi ya gari. Huko watu hawaangalii kabisa.

Niliwahi kuletewa gari lililokuwa limeshabadilishwa mota mara mbili. Mwenye gari alikuwa amechoka. Mchana waipa zilikwenda, polepole lakini zilikwenda. Usiku akiwasha taa kubwa, zinakwama katikati ya kioo. Mvua inanyesha, haoni mbele, basi anazima taa ili waipa zisogee. Hebu fikirini, mtu yuko barabarani usiku na anachagua kati ya taa na waipa! Mafundi wawili walisikia maelezo hayohayo, na kila mmoja akamfungia mota mpya.

Mimi nilishikwa na hilo neno "taa". Mota iliyochoka haijui kama taa zimewaka au zimezimwa. Waipa zikilegea kila taa zinapowashwa, na chaji ya gari ni nzuri, basi kuna mahali ambapo waipa na taa zinatumia njia moja, na njia hiyo imebana. Nikamwagia kioo maji kwanza, maana mpira ukiburuzwa kwenye kioo kikavu unaipa mota mzigo usio wake na vipimo vinakudanganya. Nikawasha injini, taa na waipa. Ncha moja ya mita ya kupimia volti nikaigusisha kwenye pini ya ethi nyuma ya soketi ya mota, soketi ikiwa imechomekwa. Ncha ya pili nikaiweka kwenye hasi ya betri yenyewe, si kwenye chuma chochote kilicho karibu. Mita ikasoma volti 3.8.

Hapo panatakiwa pasizidi kama volti 0.2. Kwa hiyo karibu volti 4 zilikuwa zinapotelea kwenye njia ya kurudi, na mota mpya ingepata njaa ileile ya mota ya zamani. Nikaufuata waya mpaka kwenye boliti yake. Gari lilikuwa limepigwa rangi, na aliyerudishia waya alikaza boliti juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya boliti tu, nayo yameshaota kutu. Nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikasafisha kichwa cha waya, nikakaza, kisha nikapaka grisi kwa juu kuzuia maji. Mita ikashuka mpaka 0.06. Waipa zikapiga kioo kwa nguvu zote, taa zikiwa zimewaka. Kipande cha msasa ndicho kilichohitajika tangu siku ya kwanza.

Najua kuna atakayeniambia: "Mimi hupima. Nilichomoa soketi nikakuta volti 12, kwa hiyo tatizo ni mota." Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hiki ndicho kipimo kinachopoteza watu wengi. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa ohmu kama milioni 10, kwa hiyo mkondo inaouvuta ni takriban sehemu moja ya milioni ya ampea. Waya uliokatika nyuzi zote ukabakiwa na mmoja utapitisha mkondo huo bila taabu, na mita itakusomea 12 kamili. Mota inataka ampea kadhaa. Pitisheni ampea 4 kwenye kiungio chenye ohmu 1 tu, na volti 4 zimekwisha. Soketi ukishaichomoa, mkondo haupiti tena, na kasoro uliyokuwa unaitafuta umeificha kwa mkono wako mwenyewe. Kupima ohmu za waya nako kuna mtego uleule. Pima soketi ikiwa imechomekwa na swichi ikiwa imewashwa!

Upande wa chanya ni hivyohivyo: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye pini inayoilisha mota, waipa zikiwa zinafanya kazi. Ikizidi nusu volti, rudi nyuma kiungio kwa kiungio, kwenye swichi, rilei, kishikio cha fyuzi, mpaka uone volti zinapopotelea.

Mwingine atasema magari ya siku hizi waipa zake zinaongozwa na kompyuta. Sawa, basi mashine ya uchunguzi ikuonyeshe kama amri ya kuwasha inafika. Lakini amri haizungushi mota. Bado inahitaji chanya na ethi, na bado mtavipima vilevile. Ila nyaya za mawasiliano msizichokoe kwa taa ya kupimia yenye balbu, mtaharibu vitu.

Muda unanibana, niyapitie mengine upesi. Kasi moja ikikosekana na nyingine ipo, ethi haina kesi, kwani kasi zote mbili huitumia. Mota nyingi zina kaboni tatu, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka: ya pamoja, ya kasi ndogo na ya kasi kubwa. Pima pini ya kasi iliyokosekana. Umeme upo? Kaboni imekwisha au haishiki. Haupo? Panda juu kwenye swichi.

Waipa zikisimama popote unapozima, hazirudi chini, tafuta ule umeme wa kudumu unaozimalizia safari baada ya swichi kuzimwa. Ukiwepo, endelea na swichi ndogo iliyo ndani ya nyumba ya gia, na waya unaorudi kwenye swichi ya usukani. Zikikataa kuzima kabisa, shukuni swichi hiyohiyo ndogo, au rilei iliyogandana.

Fyuzi inayoungua: nasikitika sana ninapokuta mtu ameweka fyuzi kubwa zaidi. Unachoma nyaya za gari la mtu! Fungua nati moja, tenganisha mota na vyuma vinavyovuta mikono ya waipa, iache izunguke peke yake. Ikizunguka kwa wepesi, vyuma ndivyo vimekaza kwa kutu, na umeme hauna kosa. Fyuzi ikiungua tena hata hivyo, mota yenyewe au waya wake una shoti. Vidole viwe mbali na vyuma hivyo ufunguo ukiwa umewashwa, maana vinakata.

Ile rilei ya kupiga kwa vipindi nilitaka kuieleza, itasubiri. Nje kuna gari ambalo waipa zake zinajikokota, na nimeambiwa mota mpya imeshaagizwa. Boneti iko wazi. Leteni mita, na mmoja wenu abebe ndoo ya maji ya kumwagia kioo.